Nguru, jodari au sehewa? Vipande vya friza na uso wa mteja uliowaka moto

"Mzee wangu, shikamoo. Nina mgahawa mdogo hapa Kisenyi, Kampala. Wateja wangu wengi ni watu wa pwani na Wasomali, wanapenda wali wa nazi na nguru wa kupaka. Nguru namnunua kwa muuzaji wa samaki wa barafu. Anakuja amekatwa vipande tayari, bila kichwa, na siku hizi hata ngozi imeondolewa. Wiki mbili zilizopita nililetewa vipande vya duara, nyama nyekundu sana, na karibu na mfupa ilikuwa nyeusi kabisa. Nikapika hivyo hivyo, vikatoka vikavu na rangi ya kahawia. Mteja mmoja hakumaliza hata sahani: mdomo ukaanza kumwasha, uso na shingo vikawaka moto, macho yakawa mekundu, moyo ukamwenda mbio na kichwa kikamgonga. Baada ya saa chache akatulia. Anasema nilimlisha samaki aliyeoza. Naapa hakuwa na harufu yoyote, na nilimwosha kwa ndimu na chumvi. Muuzaji anasema ni nguru yule yule, ila mteja ana mzio. Je, niliuziwa samaki mwingine? Nitawatofautishaje nguru, jodari, sehewa na wengine wanaofanana nao? Au niache samaki wa bahari nipike mputa tu, yaani sangara wa ziwani?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa fedheha iliyokupata mbele ya wateja. Umeyafunga pamoja mambo mawili: kwamba uliuziwa samaki asiye nguru, na kwamba mteja alidhurika kwa sababu hakuwa nguru. La kwanza, kwa jinsi ulivyoeleza, naona ni kweli. La pili sikubaliani nalo, na ndilo ninalotaka ulielewe zaidi, maana hata ungeletewa nguru halisi mwenye kichwa na ngozi yake, mteja wako angeweza kupatwa na yale yale. Muuzaji naye amekimbilia neno mzio bila ushahidi, ingawa simlaumu sana, kwa kuwa dalili zinafanana kiasi cha kuwachanganya hata wahudumu wa afya.

Tuanze na vipande vyenyewe. Nguru ana mwili mrefu uliobanwa ubavuni. Ukimkata kwa kukingama, kipande kinatoka na umbo la duaradufu: kirefu kutoka mgongoni hadi tumboni, chembamba kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Nyama yake mbichi ni nyeupe yenye ukijivu, na ile nyama nyeusi ni utepe mwembamba tu unaopita chini ya ngozi katikati ya ubavu. Ikiiva inakuwa nyeupe na inaachana kwa mapande makubwa, ndiyo maana inapendeza kwenye mchuzi wa kupaka. Jodari mwili wake umejaa pande zote, kwa hiyo kipande chake ni cha duara au karibu na duara. Nyama ni nyekundu, imegawanyika sehemu nne kuuzunguka uti wa mgongo, na nyama nyeusi iko ndani, imeuegemea uti huo kushoto na kulia. Ikiiva hugeuka kijivu au kahawia na hukauka upesi. Ulichokieleza ni hicho hasa. Ulikuwa na jodari au sehewa jikoni, si nguru.

Kati ya hao wawili, mimi ningekisia sehewa, kwa sababu ya ule weusi ulioutaja. Sehewa ni wa ukoo wa jodari lakini ni mdogo zaidi na nyama yake ni nyeusi zaidi, yenye ladha kali ya damu. Akiwa mzima hakusumbui: mgongoni ana michirizi myeusi ya kupindapinda upande wa nyuma, na chini ya pezi la ubavuni, kuelekea tumboni, ana madoa meusi machache. Yupo ndugu yake ambaye wengi pia humwita sehewa, huyo mistari yake iko tumboni, minne hadi sita, na inakwenda kwa urefu wa mwili. Wote wawili karibu hawana magamba mwilini isipokuwa sehemu ya mbele nyuma ya kichwa. Jodari mwenye mapezi ya manjano hana michirizi hiyo mgongoni, na ukimwona ana vile vipezi vidogo vya njano kuelekea mkiani, huna haja ya kuuliza jina.

Wekundu huo una sababu yake. Jodari na sehewa hawapumziki, wanaogelea mchana na usiku, na misuli inayofanya kazi bila kukoma inahitaji akiba kubwa ya oksijeni. Akiba hiyo inashikwa na protini nyekundu iitwayo mioglobini. Tena mishipa yao ya damu imepangwa kwa namna inayozuia joto la misuli lisipotee majini, kwa hiyo jodari anapotolewa baharini, ndani ya mwili ana joto kuliko maji aliyotoka. Uliweke akilini jambo hili, nitalirudia.

Sasa tuseme umepata samaki mzima, au angalau kipande chenye ngozi. Nguru ubavuni ana mistari myembamba ya kusimama, yenye mawimbi, inayoshuka kutoka mgongoni kwenda tumboni. Akiwa mdogo inaweza kuonekana kama madoa tu. Alama ninayoiamini zaidi ni ule mstari wa ubavuni, mstari wa hisia ambao kila samaki wa namna hii anao: kwa nguru unakwenda sawa, kisha chini ya mwisho wa pezi la pili la mgongoni unaporomoka ghafla kabla ya kuendelea hadi mkiani. Kanadi, ambaye pwani wengi wanamhesabu kuwa nguru wa aina nyingine, hana mporomoko huo. Mstari wake unashuka polepole, na michoro yake inalala kwa urefu wa mwili, imekatikakatika. Ukiuziwa kanadi kwa jina la nguru hujapunjwa kitu cha maana. Nyama yake ni nzuri, ya ukoo ule ule, na mlaji wa kupaka hatalalamika.

Mzia ni habari nyingine. Huyu ni mrefu, ana meno makali, na akishakatwa kichwa watu humpitisha kwa urahisi. Mtazame mgongoni: mapezi yake mawili ni madogo na yameachana mbali sana, na baada ya pezi la pili hakuna kitu mpaka mkiani. Nguru, kanadi, jodari, sehewa na kibua wote wana mfululizo wa vipezi vidogo vidogo juu na chini kuelekea mkiani. Mzia hana hata kimoja. Magamba yake pia yanaonekana wazi, wakati ya nguru ni madogo hata unaweza kudhani hayapo. Mzia mdogo ni chakula kizuri. Mzia mkubwa sana mimi sishauri kumnunua, kwa kuwa samaki wakubwa wawindaji wa kwenye miamba ya matumbawe wanaweza kukusanya mwilini sumu inayoanzia kwenye vijimea vya miambani. Sumu hiyo haitoki kwa kupikwa wala kugandishwa, na dalili yake ya kipekee ni ganzi ya midomo na vidole pamoja na kuhisi kitu cha baridi kama kinaunguza. Mteja wako hakuwa na hayo.

Kibua wa katoni ni rahisi. Kibua wa pwani yetu ana mwili mpana kidogo na madoa meusi yaliyopangwa mgongoni, na ukimfungua mdomo unaona nyuzi ndefu za matamvua zimejaa kama manyoya. Yule anayeletwa amegandishwa kutoka mbali mara nyingi ni mwembamba, wa mviringo, na mgongoni ana michirizi ya kujikunja badala ya madoa. Wapo pia wanaouzwa kwa jina hilo hilo ambao kwa kweli ni wa ukoo wa kolekole. Pitisha kidole ubavuni kuelekea mkiani: ukikwaruzwa na safu ya magamba magumu yenye ncha, huyo si kibua.

Hukuniuliza kuhusu changu, lakini nakujibu kabla hujapata hasara, maana samaki wekundu wa friza ndio wanaochanganywa kuliko wote. Changu na kungu wanafanana umbo. Gusa shavu, pale kati ya jicho na mdomo: la changu ni laini, halina magamba, la kungu lina magamba. Wote ni samaki wazuri, na tofauti yao ni ya bei na ladha tu. Anayekupunja ni yule anayekuletea ngege mwekundu wa kufugwa na kumwita changu. Wewe unayeishi Uganda una faida, ngege unamjua. Mhesabie matundu ya pua. Ngege ana moja tu kila upande, changu na kungu wana mawili. Kisha fuata mstari wa ubavuni: wa ngege umekatika vipande viwili, cha mbele kiko juu na cha nyuma kiko chini. Kama ni minofu myeupe isiyo na ngozi wala miiba, inayotoa maji mengi ikiyeyuka, mimi singeamini jina lolote ninaloambiwa. Kwa jicho hakuna mtaalamu anayeweza kuapa, ni maabara tu.

Turudi kwa mteja wako.

Samaki wanaoogelea kwa kasi, yaani jodari, sehewa, nguru, kanadi, kibua, na pia dagaa wa baharini, wana kiasi kikubwa cha kitu kiitwacho histidini katika misuli yao. Samaki akiwa hai kinamsaidia: kinazuia misuli isilemewe na tindikali anapokimbia. Akifa, bakteria waliokuwa kwenye matamvua, ngozi na utumbo wake huingia nyamani, na baadhi yao hugeuza histidini kuwa histamini. Ni histamini ile ile ambayo mwili wa mtu mwenye mzio huitoa wenyewe. Ndiyo sababu dalili zinalingana: mdomo kuwasha kama umekula pilipili, joto usoni na shingoni, kichwa, moyo kwenda mbio, wakati mwingine vipele, kutapika au kuhara. Huanza dakika chache baada ya kula, au ndani ya saa chache, na kwa wengi huisha zenyewe siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo sikiliza anachokwambia kuhusu joto, usingoje kukiona.

Bakteria hao wanataka joto. Samaki akishikwa chini ya nyuzi 4 mara tu anapotoka majini, kazi yao inakuwa ndogo sana. Akiachwa juani kwenye ngalawa, au kwenye lori lililoharibika njiani, saa chache zinatosha. Na hapa ndipo lile joto la mwili wa jodari linapoingia: yeye anaanza safari akiwa na joto, tena ni mnene, kwa hiyo barafu kidogo haimpozi ndani. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, pamoja na foleni ya Malaba au Busia. Mahali popote katika njia hiyo, hata kabla ya kufika Mombasa, baridi ikikatika histamini inazaliwa.

Ikishazaliwa, haiondoki. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, moshi hauiondoi, friza haiiondoi, wala kiwanda cha makopo. Ndimu na chumvi vinaondoa shombo, na ni desturi nzuri ya jikoni, lakini histamini iko ndani ya nyama na haina shombo. Vilevile samaki anaweza kuwa nayo nyingi kabla hajaanza kunuka, kwa hiyo nakuamini uliposema hakuwa na harufu. Hukumlisha mtu samaki aliyeoza kwa macho na pua yako. Ulimlisha samaki aliyekosa baridi mahali fulani kabla hajakufikia, au, samahani kusema, akiwa kwako.

Utauliza mbona wengine waliokula siku ile hawakudhurika. Histamini haisambai sawasawa. Kipande cha karibu na tumbo kinaweza kuwa nayo nyingi, na cha mkiani cha samaki yule yule kikawa salama. Pia watu hawafanani. Wapo wanaotumia dawa ambazo huzuia mwili kuivunja histamini, na moja ya dawa hizo ni isoniazidi, inayotumika sana hapa kwetu kutibu na kukinga kifua kikuu. Mtu anayeitumia anaweza kuugua kwa kiasi ambacho mwenzake hakimshtui. Hilo si jambo la kumuuliza mteja mezani, lakini kama mmoja wa nyumbani mwako anaitumia, mweleze, naye amuulize daktari wake kuhusu samaki wa namna hii.

Kwa hiyo ufanye nini? Ningekuwa wewe ningemwambia muuzaji kuanzia sasa nataka nguru mzima mwenye kichwa, nimkate mwenyewe, au kama hana mzima basi vipande vyenye ngozi. Itakugharimu zaidi kwa kilo, na utahitaji msumeno au panga zuri, lakini kichwa na uti vinatoa supu ambayo watu wa pwani wataifuata. Kipande kisicho na ngozi kikikataliwa na wateja kama wewe, wauzaji watazoea. Akikuletea nyama nyekundu ya kung'aa kupita kiasi, ambayo haibadiliki rangi hata ikikaa, jihadhari: wapo wanaopitisha gesi ya kaboni monoksaidi kwenye jodari ili wekundu usififie, na hapo rangi haikwambii umri wa samaki.

Tazama na barafu yenyewe. Vipande vilivyogandana kuwa bonge moja lililopinda, au maji ya damu yaliyoganda chini ya katoni, ni ushahidi kwamba samaki aliyeyuka akagandishwa tena. Rudisha. Ukifika navyo, friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, na uyeyushe kwenye friji usiku kucha, si juu ya sinki au kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Umeme ukikatika usifungue friza. Ukirudi ukakuta vipande vimelainika na vimepata joto, vitupe, hata kama roho inauma. Nunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama. Ni kifaa kidogo, na kwa mgahawa kama wako naona kina faida kuliko friza ya pili.

Kuhusu mputa, nasema kwa moyo mweupe kwamba ni chaguo zuri kuliko watu wa pwani wanavyopenda kukubali. Mputa aliyefika mwalo wa Gaba asubuhi na kuwekwa barafu ana safari fupi kuliko nguru yeyote utakayempata Kampala, nyama yake nene na yenye mafuta inastahimili moto wa mkaa na tui, na hayumo katika kundi la samaki wanaojulikana kwa tatizo hili la histamini. Hasara yake ni ladha. Mlaji aliyekulia Lamu au Tanga atajua mara moja, nawe usijaribu kumficha. Andika mputa wa kupaka, uza kama mputa, na siku ukimpata nguru wa kuaminika andika nguru. Usiache samaki wa bahari kwa hofu, ila usimlazimishe muuzaji akupe nguru kila siku ya wiki, maana ndiyo njia ya kuletewa sehewa aliyevuliwa ngozi.

Kitu kingine: kama kipande chochote cha siku ile kimebaki, kifunge vizuri, andika tarehe, kiache kwenye friza mbali na vya kupika. Wapelekee habari maofisa wa afya wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Histamini hupimwa maabara, na kiwango cha Codex, yaani viwango vya chakula vya kimataifa vya FAO na WHO, hakiruhusu zaidi ya miligramu 200 kwa kilo. Usimtangaze muuzaji sokoni kabla ya kipimo, kwa sababu kosa linaweza kuwa limefanyika kabla hata yeye hajaipokea katoni.

Ikitokea tena, mwache mtu apumzike, na mfamasia anaweza kumpa kidonge cha kuzuia nguvu ya histamini baada ya kumuuliza magonjwa na dawa anazotumia. Lakini akishindwa kupumua vizuri, ulimi au koo vikivimba, akizimia, kifua kikimbana, au akiwa mzee, mja mzito au mgonjwa wa moyo, usikae naye hapo. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, Mulago au iliyo karibu zaidi, na uwaambie wazi alikula samaki gani na saa ngapi.

Mteja wako wa siku ile anaweza kula nguru tena. Kama ilikuwa histamini, mwili wake hauna ugomvi na samaki. Ila kama akikumbuka kwamba kila anapokula samaki, hata mbichi wa siku hiyo, mdomo humvimba au hupatwa na vipele, basi muuzaji atakuwa amebahatisha kusema kweli, na mtu huyo aonane na daktari wa mzio kabla hajakaa tena mezani kwako.